Jina Lililochongwa Mapema

Kompyuta ya maktaba ya Nordby ilimpongeza Marlys Tollefsrud mara nne kabla ya saa tano asubuhi. Alipojaza majina, ilimwambia hongera. Alipojaza tarehe ya ndoa, Juni 1981, ilimwambia hongera, umefika asilimia ishirini. Alipokubali kwamba nyumba ibaki kwake na gari kubwa liende kwa Duane, ikachora alama ya kijani na kumwambia anafanya vizuri sana. Karibu miaka thelathini na mitano ya ndoa, hakuna aliyewahi kumpongeza kiasi hicho. Hata siku ya harusi watu wa Nordby walimpa mkono, wakasema hali ya hewa imekubali, wakaenda kula.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mpana wa mabega na mchache wa maneno. Duane, mumewe, alihama Oktoba akaenda kuishi na Gwenda, mjane mwenye duka la vitambaa mji wa pili, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Hapakuwa na kelele. Duane aliingia jikoni akasema, "Marlys, nadhani nitahamia kwa Gwenda," naye Marlys akamwuliza kama atakula kwanza. Akala, tena akaongeza. Kisha akafungasha. Watu wa kaskazini mwa Minnesota ndivyo walivyo: nyumba ikiungua watakwambia kuna joto kidogo upande wa jikoni. Ukikaa nao miaka mingi unajifunza kutazama mikono yao, maana midomo haitakwambia kitu.

Fomu za mtandaoni lilikuwa wazo la Duane. "Dola mia na hamsini, tunajaza wenyewe, tunasaini, mambo kwisha," alisema kwa simu. "Ukileta wakili, nami nitaleta wangu, watatula mpaka mifupa. Sisi si watu wa kugombana, au siyo?" Marlys aliitikia. Tangu Oktoba alikuwa anaitikia kila kitu. Alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino na ganzi haijaisha: anajua mdomo upo, lakini hausikii. Alipika chakula cha watoto mia mbili kila siku, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti akiwa na koti lake, na mara nyingine akasahau kulivua mpaka saa ya kulala.

Sasa alikuwa amefika swali la thelathini na nane. Je, kuna mali nyingine yoyote ambayo haijatajwa?

Fomu ilikwisha kuuliza habari za nyumba, magari, boti, akaunti, mbwa, hata pointi za kusafiria kwa ndege, na Marlys hajapanda ndege tangu 1998. Haikuuliza habari za makaburi. Nao walikuwa nayo matatu.

Yako nyuma ya kanisa la Kilutheri, safu ya saba, namba kumi na nne mpaka kumi na sita. Katikati, namba kumi na tano, amelala binti yao Kirsti. Alikufa Februari 1993 kwa saratani ya damu, ana miaka kumi. Ardhi ilikuwa imeganda futi nne kwenda chini, na siku zile hapakuwa na mashine ya kuichimba, kwa hiyo jeneza lake liliwekwa kwenye chumba cha mawe kando ya kanisa, pamoja na wazee wawili waliokufa majira yale, likangoja Aprili. Wiki tisa hizo Marlys hakuondoka kitandani. Duane ndiye aliyekwenda kuchagua mahali, akasaini, akaagiza jiwe.

Jiwe lenyewe ni la kijivu, na jina la ukoo limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Chini yake kuna majina matatu: Marlys kushoto, Kirsti katikati, Duane kulia. Miezi yake ya mwisho mtoto alikuwa akilala kitandani kwao, mama upande wa dirisha, baba upande wa mlango, naye Duane alimwambia mchongaji afuate mpangilio huohuo. Kirsti ana tarehe mbili. Wazazi wana moja moja, na kistari, na nafasi iliyoachwa wazi.

Mgeni akiona jina la mtu mzima wa afya juu ya kaburi hushtuka. Huku ni jambo la kawaida, kama kuweka koti juu ya kiti kanisani ili mtu asikikalie. Kila Mei, watu wa huku wanapopeleka maua makaburini, Marlys alilisugua jiwe kwa maji na brashi, pamoja na jina lake mwenyewe, akarudi nyumbani kupika. Kulala pale, upande wa dirisha, ndilo jambo pekee alilokuwa bado analitaka duniani. Mengine yote Duane angeweza kuyapakia kwenye gari akaenda nayo.

Akabofya Ndiyo. Kisanduku kikafunguka: eleza mali hiyo. Akaandika: makaburi matatu. Nani atachukua? Mke. Thamani yake ni dola ngapi?

Aliweka sifuri. Maandishi mekundu yakatokea: tafadhali jaza kiasi kilicho zaidi ya sifuri. Aliacha wazi, yakarudi. Akaweka kistari, yakarudi. Alikaa mikono ikiwa mapajani, akiyatazama yale maandishi, na hakuhisi chochote isipokuwa baridi ya miguu. Hakuweza kuandika bei. Mwishowe akafuta yote, akabofya Hapana.

"Hongera!" kompyuta ikamwambia. "Umemaliza."

Kurasa kumi na tisa zikatoka kwenye mashine. Akazitia kwenye mfuko mmoja na mkate. Zilibaki saini mbili, yake na ya Duane.

Alipofika nyumbani alimkuta dada yake Lavonne jikoni, keshaweka bakuli la nyama ya kusaga na viazi ndani ya oveni na keshafungua barua zisizo zake. Lavonne amemzidi miaka mitano na maneno elfu tano. Alizitoa zile kurasa mfukoni, akapangusa makombo ya mkate, akazisoma zote amesimama.

"Mimi nimeachika mara mbili," alisema, "kwa hiyo hapa mtaalamu ni mimi. Ya kwanza kwa wakili, ya pili kwa makaratasi haya haya. Unajua ya pili nilipoteza nini?"

"Friza."

"Friza! Ikiwa na nusu ng'ombe ndani! Kwa sababu sikuiandika. Nilidhani Roland ni mtu mwenye haya." Akageuza ukurasa. "Na makaburi je? Mbona hayamo?"

"Hayakuingia."

"Yameingia kwa nani?"

"Hayakuingia kabisa, Lavonne. Jina langu liko pale kwenye jiwe tangu mwaka tisini na tatu. Nani atakuja kulala chini ya jina langu?"

"Gwenda. Yule hachagui pa kulala, tumeshaona."

"Usianze."

"Sijaanza, nikianza utajua. Mdogo wangu, sikiliza. Hati ya makaburi iko kwa jina la nani?"

Marlys alifungua oveni kulitazama bakuli, ingawa lilikuwa halijapata dakika kumi. Hakujua. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuuliza. Kuuliza maana yake ni kushuku, na huku kumshuku mtu ni utovu wa adabu mkubwa kuliko mtu kumwacha mkewe.

"Nenda kwa Orrin," dada yake akasema. "Kesho. Usiponiahidi naenda mwenyewe, na unanijua nikienda mwenyewe."

Mzee Orrin Fjelstad ndiye mwandishi wa makaburi ya Nordby tangu 1979, kazi isiyo na mshahara wala ofisi. Kitabu chake kikubwa cha jalada la kijani hukaa jikoni, kwenye droo iliyo chini ya droo ya mkate, na ndani yake kila mtu wa Nordby ana mahali pake, aliye chini na atakayeshuka. Huandika kwa penseli, kwa sababu, husema, watu hubadili mawazo. Mkewe Bernice alimmiminia Marlys kahawa na kuweka sahani ya biskuti, nao wakazungumza kwanza habari za barabara, kisha habari za barafu ya ziwani, kisha tena barabara. Ndipo Orrin akavaa miwani.

"Safu ya saba," alisema, kidole kikishuka. "Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Tollefsrud, Duane."

"Na nani?"

"Duane tu, binti yangu."

"Jina langu liko kwenye jiwe, mzee."

"Jiwe ni jiwe. Mtu huchonga anachotaka, mradi mwenye kaburi amekubali. Mkulima Elmer kachonga trekta lake, unafikiri trekta litazikwa?" Akacheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. "Alikuja yeye kusaini, wewe ulikuwa hujiwezi. Nikaandika aliyekuja. Lakini haya si mmeshayazungumza? Maana alinipigia mwezi uliopita, akauliza mchongaji anatoza kiasi gani kufuta jina."

Kitambaa cha meza kilitikisika. Bernice alikuwa amemkanyaga mumewe mguu.

"Jina gani?" Marlys aliuliza.

"Hakusema," Orrin akajibu, sasa akiitazama kahawa. "Nami sikuuliza."

Bila shaka hakuuliza. Nani angeuliza huku? Marlys alimaliza biskuti yake, akashukuru, akavaa buti zake mlangoni, akaendesha gari mpaka nyumbani kwa mwendo wa taratibu wa mtu aliyebeba mayai. Alingoja kuumia. Alijua inapaswa kuuma, na pale njia panda ya kanisa alisimamisha gari makusudi ili aumie vizuri, lakini hakikuja kitu. Theluji ilikuwa bado imefunika mawe mpaka nusu. Kutoka barabarani aliweza kuona juu ya jiwe lao, herufi za jina la ukoo tu. Akatia gia, akaendelea.

Jumatano alikwenda kwa wakili, mji wa wilaya. Alimwambia Lavonne ampigie simu kupata nafasi, kwa sababu yeye mwenyewe angesema samahani nimekosea namba. Wakili aliitwa Thea Brandvold, binti wa miaka thelathini na kitu, na alimpokea akiwa na soksi nene za sufu, buti zake zikichuruzika maji mlangoni. Hilo lilimtuliza Marlys kidogo. Alitarajia viatu vya kugonga sakafu.

"Nusu saa ya kwanza ni bure," Thea alisema, "kwa hiyo usinisimulie barabara ilivyokuwa." Akazisoma zile kurasa haraka, penseli mkononi. "Fomu si mbaya hata kidogo. Watu wasio na cha kugombea, mimi mwenyewe huwaambia wakajaze, wasinipe pesa zao bure. Wewe tatizo lako ni hapa." Akagonga penseli kwenye swali la thelathini na nane. "Dada yako kaniambia kuhusu makaburi. Hapa umesema hakuna mali nyingine."

"Ilitaka bei."

"Nini?"

"Ile fomu. Ilitaka niandike dola. Nikaweka sifuri, ikakataa."

Thea aliweka penseli chini. "Mimi nitaandika kwamba ndipo alipozikwa mtoto wenu, na sitaweka bei. Jaji atasoma. Jaji ni mtu, ana macho." Akaisukuma fomu kando. "Sasa nisikilize, Bi Tollefsrud. Kisichotajwa hubaki kwa mwenye hati. Mkisaini hivi, makaburi ni ya mume wako. Akioa, na akatangulia kufa, yatakwenda kwa mke wake, na mke wake atazika humo amtakaye."

"Gwenda si mtu mbaya. Aliniletea supu nilipoumwa Desemba."

"Sikusema ni mbaya. Nimesema atakuwa mke."

Marlys aliutazama mkoba wake. "Nikikuchukua wewe, Duane atajua kwamba namshuku."

"Kwani humshuku?"

Marlys akaufungua mkoba, akaufunga tena. Wakili aliinamia meza, akashusha sauti. "Naweza kukupatia yote matatu. Yeye ndiye aliyeondoka. Yeye ndiye anayeulizia kufuta majina. Nikilieleza vizuri, sioni jaji atakayemwacha na hata moja. Wewe utalala pale, na yeye atafute pengine. Unataka hivyo?"

"Sijui ninachotaka," Marlys alisema. Ilikuwa kweli tupu. Alijua anapotaka kulala, basi. Zaidi ya hapo ndani yake palikuwa kimya. Alichukua kadi ya simu, akaitia mfukoni, akavaa buti zake mlangoni juu ya soksi zilizolowa theluji, akatoka.

Jumamosi saa sita mchana Duane akaja mwenyewe. Nyuma ya gari lake alikuwa anakokota kile kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, kwa sababu siku ya mwisho ya kuondoa vibanda ziwani, kabla barafu haijayeyuka, ilikuwa imefika, na uwanja wa Gwenda ni mdogo. Alisimama mlangoni kofia mkononi, mtu mrefu aliyeanza kupinda, akauliza kama anaweza kukiacha nyuma ya banda mpaka majira ya joto. Hapo ndipo watu hawa huniudhi. Umemwacha mkeo, kisha unamwomba maegesho! Marlys akasema sawa. Akasema pia kuna kahawa.

Walikaa mezani, kila mmoja mahali pake pa siku zote. Duane aliona zile kurasa kumi na tisa chini ya chupa ya chumvi.

"Umeshasaini?"

"Bado."

"Nina kalamu hapa."

"Nilikwenda kwa Orrin," Marlys akasema.

Duane alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. "Yule mzee mdomo wake hauna breki."

"Jina langu unalifuta lini?"

"Jina lako?"

"Usinifanye mtoto, Duane. Umeuliza bei ya kufuta jina. Hati yako, jiwe lako, haya. Lakini ungeniambia kabla sijaenda Mei na brashi yangu nikakuta pameparuzwa."

"Si lako." Alikuwa anaizungusha kofia juu ya goti. "Langu. Niliulizia langu."

Friji ikanguruma, ikanyamaza. Marlys alimtazama mikono. Ile mikono mikubwa ilikuwa bado inaizungusha, na kofia haikutaka kukaa.

"Nimeondoka nyumbani," Duane akaendelea, akiiambia kofia. "Nitakujaje baadaye nilale pale kama hakuna kilichotokea? Watu watapita Mei na maua yao, waseme nini? Nikaona nikupishe. Gwenda ana mahali kwao, kwa Wakatoliki, akasema kuna nafasi. Nilitaka kuifanya kimya kimya. Hati ningekupa baadaye."

"Unipishe."

"Ndiyo."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Unaniuliza nani?" Marlys alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake, na hakukiokota. Kitu kilikuwa kinapanda ndani yake, kikali, cha moto, naye alikishangaa kwanza kabla ya kukitambua kwamba ni hasira. Ilikuwa hasira yake ya kwanza tangu Oktoba. "Mimi umeniacha, sawa. Nilikwambia neno? Sikukwambia neno. Nilikufulia hata jaketi ukaondoka nalo safi. Ungeniacha mara kumi ningekupikia mara kumi, ndivyo nilivyo mjinga. Lakini Kirsti humwachi. Umenisikia? Ruhusa hiyo mimi sikupi. Mtoto analala katikati, na upande wa mlango ni wa kwako, wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia mchongaji!"

Sauti yake ilikuwa imefika mahali ambapo haijawahi kufika ndani ya nyumba ile. Mbwa alitoka sebuleni kuja kuona, akarudi.

Duane aliiweka kofia mezani. Aligeuka kulitazama dirisha, akatoa leso, akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko kamasi zilivyohitaji. "Alikuwa anataka mlango usifungwe," alisema mwishowe. "Unakumbuka? Akaniambia baba, kaa upande ule, ukiingia upepo uanze na wewe."

"Nakumbuka."

"Sikujua kama utanitaka pale."

"Mimi sikutaki," Marlys akasema. "Yeye ndiye anayekutaka."

Akaokota kiti. Macho yalimchoma, na kila kitu kilimuuma sasa, vidole, shingo, mahali ambapo hakujua pana maumivu. Akazichukua zile kurasa chini ya chupa ya chumvi, akazipasua mara mbili, akazitia kwenye ndoo ya taka juu ya maganda ya viazi.

"Namchukua wakili," alisema.

"Tulikubaliana..."

"Tulikubaliana habari za magari. Hili siliachi kwa kompyuta, wala kwa penseli ya Orrin. Nataka liandikwe na mtu, lisomwe na mtu."

"Atatula, Marlys."

"Basi na atule. Mimi mwaka huu nimekonda, hatashiba."

Duane nusura acheke. Alivaa kofia, akakaa nayo kichwani ndani ya nyumba, jambo ambalo Marlys hakumruhusu miaka yote ile, akamaliza kahawa baridi. Alipotoka alikisogeza kibanda nyuma ya banda, na kabla ya kuondoka akasukuma theluji kwenye njia ya mlango bila kuombwa. Marlys alilia dirishani akimtazama, bila kujificha wala kujipangusa.

Wiki mbili baadaye alikuwa tena ofisini kwa Thea Brandvold, safari hii amevaa soksi kavu alizokuja nazo mfukoni. Karatasi zilikuwa tayari, zimepigwa chapa vizuri, na kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na maneno marefu kuhusu safu ya saba.

"Mume wako hakuweka wakili," Thea alisema. "Kaandika barua ya mistari mitatu tu, kwamba atasaini chochote utakachotaka. Kwa hiyo nimeyaandika yote matatu kwako, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Hatapinga. Sijapata kesi rahisi kama hii mwaka mzima."

Marlys aliusoma ukurasa wa nne mara mbili. Hapakuwa na bei mahali popote. Akaweka kidole chake, chenye alama ya kuungua ya sufuria za shule, kwenye mstari wa mwisho.

"Kumi na sita liwe la Duane," alisema. "Kwa jina lake. Na iandikwe kwamba ni lake hata akioa, na kwamba jina lake lisifutwe, hata akiomba mwenyewe."

Thea alimtazama. "Unajua huna haja ya kumpa? Ukishasaini hairudi tena."

"Najua."

"Naomba nikuulize kwa nini. Si lazima unijibu."

Dirishani maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kutoka paani, tone baada ya tone, ardhi ikianza kulegea. Marlys aliyasikiliza kidogo.

"Kirsti ana baba," alisema.

Wakili akachukua kalamu, akakata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake.